Siku Moja Kyoto: Baki Mashariki, Anza Alfajiri

Ratiba nyingi za Kyoto, mji wa kale wa Japani, zina kasoro moja: hekalu la Kinkaku-ji asubuhi, madhabahu ya Fushimi Inari saa sita mchana, msitu wa mianzi wa Arashiyama alasiri, mtaa wa kale wa Gion jioni. Zitazame juu ya ramani. Mgeni anatupwa kaskazini-magharibi, anashushwa kusini-mashariki, anapelekwa magharibi, halafu anarudishwa mashariki. Mahekalu makubwa ya Kyoto yamekaa pembezoni, chini ya vilima vinavyouzunguka mji pande tatu, na kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa basi hula karibu saa nzima. Kwa maoni yangu, mwenye siku moja tu achague upande wa mashariki na asiutoke. Hili lifikiriwe mapema, kwa sababu kwenye maombi ya viza ya utalii ya Japani huwa kuna fomu ya ratiba ya siku kwa siku, na watu huijaza kwa kunakili orodha ya kwanza waliyoiona mtandaoni.

Jambo la pili ni jua. Sisi tulio karibu na Ikweta tumezoea jua linalochomoza saa 12 na kuzama saa 12 mwaka mzima. Kyoto haiko hivyo. Mwezi wa Juni kunapambazuka kabla ya saa 11 alfajiri; Desemba jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Ratiba ya Juni ukiitumia Desemba, vituo viwili vya mwisho utavikuta gizani, vimefungwa. Na kumbuka Japani wanaandika saa kwa mtindo wa 24: 17:00 kwenye bango la hekalu ni saa 11 jioni.

Anza Fushimi Inari, kwa kuwa ni ya bure na haifungwi usiku wala mchana. Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya laini ya Nara ya kampuni ya reli ya JR, shuka Inari, kituo cha pili, dakika tano hivi, nauli kama yen 150. Hapa ndipo wengi wanapokosea: panda treni ya kawaida inayosimama kila kituo. Ile ya haraka inayoitwa Miyakoji Rapid inapita Inari bila kusimama, na unajikuta unaelekea Nara. Ukifika saa 12 asubuhi utapita chini ya malango mekundu ya torii ukiwa karibu peke yako. Saa 4 njia hiyo hiyo huwa msongamano wa watu wanaosubiriana kupiga picha.

Malango hayo, maelfu kwa maelfu, yametolewa na wafanyabiashara na watu wa kawaida kama shukrani au ombi. Ukipanda huoni maandishi. Geuka nyuma, au subiri uanze kushuka: nguzo zina jina la aliyetoa na tarehe, yamechongwa na kupakwa rangi nyeusi. Watazame pia mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga. Wengine wameuma ufunguo mdomoni, ufunguo wa ghala la mpunga.

Usikazane kufika kileleni. Mlima una mita 233, na juu miti imeziba, huoni kitu. Mandhari ya mji iko katikati ya njia, kwenye njiapanda ya Yotsutsuji, mwendo wa dakika 30 hadi 45. Kuzunguka mlima wote ni saa mbili hadi tatu, na saa hizo utazihitaji baadaye.

Ukishuka, usirudi JR. Tembea dakika chache hadi stesheni ya Fushimi-Inari ya reli ya Keihan, panda treni hadi Kiyomizu-Gojo, kisha panda kilima kwa miguu dakika 20 na zaidi kidogo. Hekalu la Kiyomizu-dera hufunguliwa saa 12 asubuhi, kiingilio yen 500. Lenga kufika kabla ya saa 3, mabasi ya ziara hayajamwaga abiria. Ukumbi mkuu wa sasa ulijengwa 1633, na jukwaa lake limesimama mita 13 juu ya bonde kwa nguzo na mihimili iliyopenyezana, bila misumari. Wengi husimama juu yake tu, wakapiga picha, wakaondoka. Teremka hadi chini ukalitazame kutoka kule. Kazi ya mafundi inaonekana chini. Huko kuna maporomoko ya Otowa yenye michirizi mitatu ya maji: chukua kata yenye mpini mrefu, kinga mchirizi mmoja. Kunywa yote mitatu huhesabiwa kuwa ni tamaa.

Shuka kwa vichochoro vya Sannenzaka na Ninenzaka hadi Gion. Baadhi ya vijia vya Gion ni mali ya watu binafsi: bango likisema usiingie au usipige picha, faini yake ni yen 10,000, na kumkimbilia geisha (msanii wa kike wa nyimbo na ngoma za jadi) na simu mkononi ni utovu wa adabu hata pasipo bango.

Chakula cha mchana, vuka mto Kamo hadi soko la Nishiki. Nunua, simama pale pale dukani ule, rudisha kijiti kwa muuzaji. Kula huku ukitembea hakutakiwi, na mapipa ya taka mitaani ni nadra, basi beba mfuko wako. Mtu wa Pwani atamtambua pweza hapa, ila ni mdogo, mwekundu, mtamu, na kichwani ametiwa yai la kware. Waislamu waangalie zaidi ya nyama: mirin na sake, ambazo ni pombe, huingia kwenye michuzi mingi, na supu ya rameni (tambi) mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe.

Alasiri ndipo watu hukimbilia Kinkaku-ji. Badala yake panda Keihan hadi Sanjo, ubadilishe kwenda laini ya Tozai ya treni ya chini ya ardhi, ushuke Keage, utembee hadi Nanzen-ji. Ndani ya uwanja wa hekalu hili la Zen, madhehebu ya Kibuddha, limepita daraja la matofali mekundu lenye matao, linalobeba maji ya mfereji wa ziwa Biwa. Mfereji ulikamilika 1890, baada ya makao makuu kuhamia Tokyo na Kyoto kuhofia kudorora. Maji yake yalizalisha umeme uliosukuma viwanda na tramu. Bado yanapita hadi leo. Kulitazama daraja ni bure. Mwenye nguvu aendelee na Njia ya Mwanafalsafa, kama kilomita mbili kando ya mfereji, hadi hekalu la Ginkaku-ji.

Kadi ya ICOCA, ya kulipia nauli kwa pesa ulizotia kabla, inafanya kazi kwenye treni zote hizi na kwenye mabasi ya mji. Ukilipa basi kwa taslimu, panda mlango wa nyuma, ushuke wa mbele, yen 230. Kisanduku cha nauli hakirudishi chenji: noti ya yen 1,000 ipitishe kwanza kwenye mashine ya kubadilishia iliyo pale pale, kisha utumbukize nauli kamili. Noti ya 10,000 haikubaliki.

Kama una siku ya pili, Kinkaku-ji ifuate asubuhi. Hufunguliwa saa 3. Usipange foleni ya basi stesheni ya Kyoto. Panda treni ya chini ya ardhi ya laini ya Karasuma hadi Kitaoji, kisha basi kutoka pale.