Mkanda wa Shangazi

Shangazi yangu hapandi gari lisilo na mkanda. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka thelathini, na ukimwuliza sababu atakusimulia mgonjwa mmoja mmoja mpaka chai yako iwe baridi. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilipoanza mwaka 2004 na matatu zikatiwa mikanda, watu wote walinung'unika. Yeye alimwombea dua waziri.

Mimi nami nimerithi kwa marehemu mjomba Morris Minor ya 1958, ile ya wazi, yenye turubai linalokunjwa nyuma kama mwavuli. Indiketa yake si taa, ni kijimkono kinachochomoza ubavuni ukitaka kukata kona, na watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, hukimbia nyuma wakinisihi nikate kona hata pasipo na kona. Mkanda haina. Si kwamba uling'olewa, haukuwahi kuwapo. Mkanda huu wa pointi tatu tunaoujua Nils Bohlin wa Volvo aliutoa 1959, gari langu limeshazaliwa na kutambaa. Uingereza kwenyewe lilikotengenezwa, magari mapya yalikuja kutakiwa yawe na mahali pa kufungia mikanda mwaka 1965.

Ikaja harusi ya binamu yangu, Kongowea. Shangazi akasema, "Nitapanda hilo gari la mjomba wako, mwanangu, ukishanitilia mkanda."

Nikasema inshallah. Mkanda ni nini? Kitambaa na boliti tatu.

Fundi akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuposa. Mkanda alikuwa nao, kautoa kwenye Probox iliyopondeka, pamoja na lile gurudumu lake dogo la ndani linalouvuta na kuuachia. Shida ilikuwa pa kuufunga. Pointi mbili za kiunoni hazina maneno, moja huku kwenye sakafu karibu na mlango, nyingine kule katikati. Kazi iko begani. Gari lenye paa, mkanda wa begani unafungwa kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango. Gari la wazi nguzo hiyo imekatwa kiunoni. Juu yake ni hewa ya Mungu.

"Tufunge hapa," fundi akasema, kashika chuma cha turubai.

"Fundi, hicho kinakunjwa. Nikifungua turubai nitamkunja na Shangazi."

Akafikiri. Akapendekeza ubavuni, nyuma tu ya mlango. Huko ndiko anakolala yule mkono wa indiketa. Mwisho tukakubaliana juu ya madigadi ya ndani, lile nundu la bati linalofunika gurudumu la nyuma.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa mjinga kabisa. Nilijua boliti ikipita kwenye bati tupu, siku ya ajali itang'oka kama kifungo kwenye shati bovu. Nikasimamia mpaka fundi akakata sahani ya chuma ya milimita tatu, upana wa kiganja, akachomelea nati nyuma yake, akaipachika chini ya bati. Nilijua pia kwamba boliti za mikanda ni za inchi 7/16, hata za Wajapani ambao kila kitu kingine wanakipima kwa milimita. Fundi alikuwa amezipoteza zile za Probox. Akajaribu ya milimita 10, ikacheza. Akajaribu ya 12, ikagoma, akaenda kuchukua nyundo. Nikamshika mkono. Nilizunguka maduka ya spea asubuhi nzima nikazipata, na nikarudi nazo nikitembea kama mtu aliyetoka Makka.

Kwa hiyo kuhusu uimara, sina la kujilaumu. Ule mkanda ungemshika tembo.

Nilichosahau ni lile gurudumu la ndani. Ndani yake mna kijichuma kidogo kinachosikiliza gari. Ukifunga breki ghafla, au gari likilala upande, kinasogea na kuukaba mkanda usitoke tena. Kwa hiyo si saa ya ukutani uitundike popote; limetengenezwa kukaa kwa pembe yake. Na likishakaba halitoi, ila kurudisha ndani linarudisha bila shida.

Fundi alilifunga gurudumu hilo wakati gari liko juu ya jeki, ubavu wa kushoto umeinuka, kwa sababu alikuwa akichomelea chini yake. Gari likiwa limepinda hivyo, gurudumu lilikaa sawa kabisa. Tukauvuta mkanda, ukatoka laini kama uzi wa cherehani. Nikalipa. Upande wangu akasema tutamaliza Jumatatu.

Siku ya harusi nikaenda kumchukua Shangazi Kibokoni. Njia ni nyembamba, nikapandisha magurudumu ya kushoto juu ya ukingo wa barabara ili watu wapite. Mnaona? Ubavu wa kushoto juu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu." Akaingia, buibui jipya, kikuba kifuani, sinia la vileja mapajani. Akauvuta mkanda. Ukaja kwa adabu. Klik. "Haya ndiyo maisha," akasema.

Nikashuka kwenye ukingo. Sauti ndogo ikatoka nyuma: tk.

Tuta la kwanza, Shangazi akaruka kidogo, akarudi kitini. Krr. Mkanda ukala kidole kimoja. Tuta la pili, krr, kidole kingine. Nikamsikia akisema, "Wanibana kidogo." Nikamjibu kwa fahari kwamba mkanda mzuri lazima ubane. Tulipofika Digo Road alikuwa ameegemea kiti kama askari wa gwaride, na sinia limepanda kutoka mapajani hadi tumboni. Akitoa pumzi, krr. Akitaka kuivuta tena, nafasi haipo.

"Mwa. Na. Ngu," akasema kwenye daraja la Nyali.

Nikageuka. Vileja vya mbele vilikuwa vimerudi kuwa unga. Kikuba kimekuwa chapati. Macho yake yalinitazama kwa namna ambayo nadhani wagonjwa wa wodi ile waliifahamu.

Ng'ambo ya daraja, askari wa trafiki akatusimamisha. Akamtazama Shangazi, akapendezwa. "Mama amefunga vizuri sana. Wewe wako uko wapi?"

"Bado, afande. Jumatatu."

"Mtoe," akasema Shangazi. Hakusema nani amtoe nani.

Nikaegesha. Kifungo kilikuwa katikati ya viti, na fundi alikikata kifupi. Sasa Shangazi, kwa jinsi Mungu alivyomjaalia, alikuwa amekikalia. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Siwezi kupeleka mkono huko mbele ya soko zima la Kongowea. Nikamwomba mama mmoja muuza maembe. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, akasema, "Nakigusa. Lakini kimelala kifudifudi."

Mtu akasema ukate. Nikawaza zile boliti nilizozitafuta asubuhi nzima.

Hapo ndipo akili ilipoamka. Gereji ulitoka, Kibokoni ulitoka. Kulikuwa na nini huko kisichokuwapo hapa? Mwinuko! Nikatoa jeki kwenye buti, nikaichomeka mahali pake chini ya ubavu wa kushoto, nikaanza kuzungusha huku nikimweleza askari habari ya kijichuma.

Jeki ikapanda. Gari halikupanda.

Nikazungusha tena. Kitu kikalia chini kama mtu anayekata mkate mkavu, kutu ikamwagika lami, na kichwa cha jeki kikatokeza sakafuni kumsalimu Shangazi mguuni.

"Nini hiki?" akauliza. Pumzi ya maneno mawili ndiyo aliyokuwa nayo.

"Jeki, Shangazi."

Wenye mikokoteni sita wakaja wenyewe, bila kuitwa, wanacheka tayari. Gari lenyewe halifiki hata tani moja. Wakaingiza mikono mahali palipobaki bati, askari naye akaweka kofia juu ya boneti, wakaimba "Harambee! Eeeh!" na ubavu wa kushoto ukaenda juu na Shangazi wangu, sinia na vyote.

Tk.

Mkanda ukalegea. Shangazi akavuta pumzi ya kwanza kamili tangu Digo Road, pumzi ndefu mpaka mama wa maembe akaitikia "Alhamdulillahi." Akajiinua, akakibonyeza kifungo mwenyewe, akashuka gari likiwa bado mikononi mwa watu. Akapangusa unga wa vileja kwenye buibui. Hakunitazama. Akasimamisha tuktuk, kitu ambacho hakina mlango, acha mkanda, akapanda akaenda harusini.

Jumatatu nilimrudishia fundi gari. Akauvuta mkanda, ukagoma. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande mmoja, akalitazama gari kwa huzuni.

"Mkanda hauna kosa," akasema. "Barabara ndiyo iliyonyooka."

Kisha akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye tundu la jeki, akakizungusha. "Na hapa umenirahisishia. Ndipo nilipokuwa nataka kutoboa kwa ajili ya wako."