Mgeni Aliyeikimbiza Kampuni

Mkalimani aliyepangwa kumtafsiria mgeni wetu kwenye mkutano wa chama alipiga simu dakika za mwisho kusema sauti imemkauka. Kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza nani anajua Kiingereza, mjomba wangu alishafika mbele, amevaa ile miwani yake ya kupigia picha. Roho ikanidunda. Mjomba ana maneno mengi ya Kiingereza, tatizo kila neno analijua kwa maana moja tu, ile aliyofundishwa kwa fimbo, na hana mpango wa kuongeza ya pili.

Sasa katika maneno yote duniani, mgeni wetu alikuwa mpenzi wa "run".

"I run a small company," akaanza kwa upole.

"Anasema anaikimbiza kampuni ndogo."

Bibi mmoja wa nyuma akauliza, imemkosea nini?

Mgeni akatoa leso, akaomba radhi: "My nose has been running since morning."

"Pua yake inakimbia tangu asubuhi."

Macho yote puani. Ilikuwapo palepale, nyekundu kidogo, na tone moja likining'inia nchani likitafakari.

Nikamvuta shati. "Mjomba, anasema ana mafua."

"Mpwa wangu, run ni kukimbia. Wewe umesomea kwa nani?"

Tumhurumie kidogo, maana neno lenyewe balaa. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya, kitenzi hicho peke yake walikihesabia maana 645, na Peter Gilliver, mhariri aliyeangukiwa na kazi hiyo, alikisotea kwa miezi tisa. Kwenye toleo la 1989 bingwa alikuwa "set", mwenye maana zipatazo 430, naye akavuliwa taji. Ukigombea uongozi ni "run", nguo ikichuja rangi ni "run", soksi ya kike ikifumuka uzi ni "run", mafuta yakikuishia njiani ni "run" pia, ingawa hapo gari ndilo limegoma kabisa kwenda. Na sisi tusijifanye watakatifu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga chafya. Mgeni akitutafsiri neno kwa neno atakwenda kuripoti polisi.

Basi mgeni akaendelea: "I ran into your chairman at the gate."

Mjomba akasita. Nikadhani ameshtuka. Kumbe anapanga sentensi. "Anasema pale getini alimkimbilia mwenyekiti hadi akamwingia ndani."

Mwenyekiti akajipapasa tumbo.

"I hear you are running low on funds."

"Amesikia fedha zenu zinakimbia chinichini."

Hiyo, kusema kweli, ndiyo tafsiri iliyoeleweka kuliko zote. Ukumbi mzima ulimgeukia mweka hazina, naye ghafla akawa anatafuta kitu chini ya kiti. Hadi leo hakijapatikana.

Mgeni hakujua kilichochemka. Akatazama saa, akachukua mkoba wake, ambamo tulikuwa tumetoka kutia fomu zetu pamoja na ada ya kila mwanachama, akapunga mkono: "Sorry, I have to run!"

Mjomba akapaza sauti kama mtangazaji wa mpira: "Anasema sasa anakimbia!"

Vijana wawili walifika mlangoni kabla yake. Mmoja akaukumbatia mkoba, mwingine akamkumbatia mgeni. Yule bibi wa nyuma, ambaye kwa kawaida hunyanyuliwa na watu wawili, alikuwa ameshasimama mwenyewe, mkongojo juu. Mweka hazina ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, "Mwizi! Mwizi!", na uso wake ulikuwa na nafuu ya ajabu.

Mgeni, leso bado puani, akatutazama mmoja mmoja.

"Guys... what's up?"

"Tulieni!" mjomba akatangaza. "Anauliza kuna nini juu."

Ukumbi mzima ukatazama darini.