Arki ya Keki Haikutengenezewa Mapafu

Mwezi uliopita mpwa wangu aliingia jikoni kwangu hapa Mombasa, akanitupia shikamoo ya haraka, kisha akafungua kabati la viungo bila hata kuuliza. "Shangazi, ile arki yako ya vanila iko wapi?" Nilifurahi, nikidhani kijana ameamua kujifunza kuoka. Kumbe mfukoni alikuwa na kichupa cha maji ya vepu, ile sigara ya kielektroniki, yasiyo na ladha, aliyoyapata kwa bei ya chini, na alitaka kuyatia harufu kwa arki yangu ya keki. Nilipomshika mkono alinitazama kama aliyeonewa. "Si ni kitu cha kula? Kama nakila, kwa nini nisikivute?"

Sikumcheka, maana hilo swali si la kijinga hata kidogo. Wenye biashara ya sigara za kielektroniki waliulizwa zamani, wakajibu kwa wepesi uliowaletea faida.

Maji ya vepu yana vitu vichache: propilini glaikoli, gliserini, nikotini (si kila mara), na ladha. Vitatu vya kwanza vinajulikana kwa majina. Cha nne kinaandikwa "ladha" tu, na ndani ya neno hilo moja kunaweza kukaa kemikali kumi au ishirini. Nyingi zinatoka kwa viwanda vilevile vinavyotia harufu kwenye biskuti, peremende na aiskrimu. Ndiyo maana muuzaji hukuambia kwa uso mkavu kwamba kila kilichomo ni salama kwa chakula. Hasemi uongo. Lakini aliyepima usalama huo alikuwa akifikiria tumbo. Huko Marekani, chama cha watengenezaji wa ladha, FEMA, ndicho chenye orodha maarufu ya ladha zinazohesabiwa salama, na chenyewe kimesema wazi kwamba orodha hiyo ni ya vyakula, haihusu vepu. Kwa hiyo anayekuonyesha cheti cha chakula anakuonyesha leseni ya baiskeli huku ameshika usukani wa lori.

Tumbo lina asidi, na nyuma yake kuna ini linalochuja kabla mwili haujapokea. Pafu halina mlinzi wa namna hiyo. Mwisho wa njia za hewa kuna vijibomba vyembamba kuliko milimita moja, na baada ya hapo ni utando mwepesi, kisha damu.

Tofauti hiyo waliilipia kwa pumzi zao watu ambao hawakuwahi kushika vepu. Mwaka 2000 idara ya afya ya jimbo la Missouri ilipokea taarifa ya wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda kimoja cha bisi katika mji wa Jasper. Wote walikuwa na ugonjwa nadra wa mapafu, bronkiolaitisi obliteransi: vile vijibomba vya hewa vinapata makovu na kuziba, na havizibuki tena. Baadhi yao waliwahi kuambiwa wana pumu. Baadhi waliishia kwenye orodha ya kungojea pafu la kupandikizwa. Wachunguzi wa taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, walipofika walikuta wachanganyaji wakimimina ladha ya siagi ndani ya matangi ya mafuta ya moto, mvuke ukiwapanda usoni. Ndani ya mvuke huo kulikuwa na diasetili, kemikali inayoipa siagi harufu yake. Hata wapimaji ubora, ambao kazi yao ilikuwa kupika bisi pakiti moja baada ya nyingine kwenye maikrowevu siku nzima, mapafu yao yalionyesha dalili. Ladha ile ilikuwa halali, na mamilioni ya watu waliila bila shida. (Bisi za barabarani kwetu, za mahindi, mafuta na chumvi, hazimo katika kesi hii. Kuleni kwa amani.)

Makampuni makubwa ya bisi ya Marekani yalitangaza kuacha diasetili mwaka 2007. Yaani habari ilikuwa magazetini, ugonjwa una jina, na kemikali ina jina. Wakati huohuo vepu, iliyobuniwa China mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa ndiyo inaingia Ulaya na Marekani, na watengenezaji wakaanza kuuza maji ya kastadi, karameli na krimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima majimaji 159 yenye ladha tamu, na karibu robo tatu yalikuwa na diasetili au ndugu yake, asetili propionili. Mwaka uliofuata watafiti wa Harvard walipima bidhaa 51 wakakuta diasetili katika 39. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mtu hawezi kujitetea kwamba hakujua, ilhali wafanyakazi wa sekta ya jirani walishaugua na kushinda kesi mahakamani.

Na wengine walipobanwa walifanya nini? Walibadilisha jina la mgeni. Waliitoa diasetili, wakaandika kwa fahari kwamba haimo, wakaweka asetili propionili, ambayo kikemia inapishana nayo kwa kaboni moja tu. Panya waliovutishwa mvuke wake katika majaribio ya NIOSH walidhurika njia za hewa vilevile. Mwaka 2016 taasisi hiyo iliposhauri viwango vya juu kwa wafanyakazi, iliviweka kwa zote mbili: sehemu 5 kwa bilioni moja ya hewa kwa diasetili, na 9.3 kwa mwenzake.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na sitaki kuiruka. Moshi wa sigara ya kawaida una diasetili nyingi kuliko vepu nyingi zilizopimwa. Uingereza ina mamilioni ya wavuta vepu, na Cancer Research UK inasema hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kupata "mapafu ya bisi", yaani ugonjwa ule wa wafanyakazi wa Jasper, kwa sababu ya vepu. Kwa mvuta sigara wa miaka ishirini anayehamia vepu, hesabu huenda ikamnufaisha. Nakubali yote hayo. Lakini Uingereza iyo hiyo haikungoja maiti. Tangu 2016 diasetili hairuhusiwi katika maji ya vepu yenye nikotini. Sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo nchi hiyo iliichukua, inamtaka mtengenezaji atoe taarifa miezi sita kabla ya kuuza, aorodheshe viambato vyote, na alete data za sumu za viambato hivyo vinapopashwa moto na kuvutwa. Kupashwa moto na kuvutwa! Maneno mawili tu, lakini kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Usipowalazimisha kuyajibu, watakujibu la tumbo.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke Marekani mwaka 2019. Vijana walianza kufurika hospitalini wakikosa pumzi. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa ni 68. Ladha haikuwa mshukiwa mkuu. Uchunguzi ulielekea kwenye asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumika kuzimua majimaji ya bangi, mengi yakiuzwa kwa njia za panya. Vitamini E! Kitu tunachokula na kujipaka usoni. Swali la mpwa wangu, aliyemeza vidonge vya vitamini tangu utotoni, lilikuwa limeshajibiwa pale.

Basi mtumiaji naye hana lake? Analo, ila si kubwa kama wanavyomtwika. Simtarajii kijana wa Kisauni awe na maabara chumbani. Namtarajia asichanganye mwenyewe vitu vya jikoni, hasa ladha zenye mafuta, kwa sababu mafuta yakifika pafuni yanaweza kuleta nimonia ambayo haitokani na kidudu chochote. Namtarajia asinunue chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha. Ladha za krimu, siagi na kastadi azitilie shaka kuliko nyingine. Na mdalasini pia. Sisi watu wa pwani tunautia kwenye chai na pilau bila kufikiri, lakini kemikali inayoupa harufu, sinamaldehidi, imeonekana maabara ikipunguza mwendo wa vile vinyweleo vinavyofagia uchafu kutoka njia za hewa. Kwenye sufuria ni baraka tupu, ila sufuria haipumui.

Zaidi ya hapo, mzigo ni wa anayetengeneza na anayeingiza mzigo nchini. Yeye ndiye anayejua kilichomo. Mnunuzi hawezi kuchagua kati ya vitu asivyotajiwa, na "tunatii sheria" si jibu pale ambapo sheria haijauliza. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Kenya tuna sheria ya 2007, iliyoandikwa watu wakifikiria moshi na majivu, na mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka muswada wa kuirekebisha ili iguse vepu na vifuko vya nikotini. Mjadala wa ladha umeshikwa zaidi na suala la watoto kuvutwa na harufu za peremende, na ni haki. Ila ningependa mtu asimame bungeni aulize na hili la pili: hizo ladha zenyewe, nani amezipima zikiwa mvuke?

Nilikwenda na mpwa wangu kwenye duka alilonunua kile kichupa. Kijana wa dukani alikuwa na adabu zake. Nilimuomba karatasi ya vipimo vya maabara ya ladha ya kastadi iliyokuwa rafuni. "Mama, hiyo haina shida, ni flava ya chakula." Nikamwambia sikuuliza kama inalika. Alimpigia simu anayewaletea mzigo, akaweka spika. Sauti ikasema karatasi zipo, zitatumwa kwa WhatsApp jioni. Niliacha namba yangu.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Mpwa wangu sasa ananunua isiyo na ladha na kuivuta hivyohivyo, analalamika ni kama kuvuta mvuke wa birika. Arki nimeihamishia kabati la juu, nyuma ya unga.