Kati ya "mkorofi" na fomu ya kurasa nne

Nyumbani, mtu mwenye ulemavu wa akili akimpiga mhudumu, maelezo yako tayari: mkorofi, amedekezwa. Huku ughaibuni neno hilo ni mwiko. Inaandikwa "tabia yenye changamoto", fomu ya kurasa nne inajazwa, faili linafungwa. Lakini fungua faili hilo usome: "alikasirika bila sababu." Hapo pana tofauti gani na "mkorofi"? Lugha imesafishwa, jicho ni lile lile.

Mhudumu habadiliki kwa kuhimizwa awe na huruma. Hubadilika akijionea kwamba kile kipigo kilikuwa na kazi. Na kazi zenyewe ni chache: kupata kitu, kupata mtu wa kumwangalia, kukwepa jambo linalomshinda, au kuutuliza mwili wake mwenyewe. Semina ya kutwa nzima haimwonyeshi hayo. Daftari la wiki mbili humwonyesha.

Daftari lina safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Pembeni andika saa, mahali na waliokuwepo. Safu ya kati ndiyo huharibika kwanza, kwa kuwa watu huandika hukumu badala ya tendo. "Alikuwa mkali" haisaidii kitu. "Alimsukuma mhudumu kifuani kwa mikono miwili, mara moja" inasaidia. Safu ya tatu huachwa tupu, nadhani kwa aibu, maana ndiyo inayofichua kwamba kila akisukuma, kazi ya kuvaa viatu huahirishwa. Sasa nani amemfundisha kusukuma? Tukio liandikwe ndani ya robo saa. Likingoja mwisho wa zamu, kumbukumbu imeshachanganyika na hasira.

Ila kabla ya kutafuta kazi ya tabia, kagua mwili. Asiyeweza kusema "jino linaniuma" anaweza kujipiga shavu. Kufunga choo, masikio, hedhi, kukosa usingizi, dawa iliyoanzishwa juzi: vyote hivi vimewahi kuitwa ukaidi, nyumbani na huku pia. Tabia iliyozuka ghafla kwa mtu aliyekuwa mtulivu ianzie kwa daktari.

Baada ya hapo mpe njia nyingine ya kusema lile lile. Mwaka 1985 wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto wakifundishwa kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, fujo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo hupungua. Sharti ni kwamba ombi liwe jepesi kuliko kipigo na lijibiwe upesi kuliko kipigo. Kwa asiyesema, kadi ya "nataka kupumzika" iliyofungiwa kabatini ni bure. Ikijibiwa "maliza kwanza", atarudia kupiga, na simlaumu. Mwanzoni ijibiwe kila anapoitoa, ndani ya sekunde chache, hata kama ameitoa mara ishirini asubuhi moja. Kungoja atafundishwa baadaye: sekunde tano, kumi, nusu dakika. Tena wahudumu waambiwe mapema kwamba njia ya zamani ikikoma kumletea anachotaka, huenda ikazidi kabla haijapungua. Wasioambiwa huutupa mpango siku ya nne, yaani pale pale ulipokuwa umeanza kushika.

Katika hili nyumbani tuna mtaji tunaoudharau: mara nyingi mhudumu ni yule yule miaka nenda miaka rudi, na anajua mguno upi ni wa njaa na upi ni wa maumivu. Huku wahudumu wa muda hupishana mlangoni. Anayemjua mtu ameondoka, imebaki fomu. Kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kumpa daftari mtu anayejua kuliko kumpa ujuzi huo mtu mwenye daftari. Msiige fomu za huku. Chukueni safu tatu, na dakika kumi mwisho wa zamu za kuzisoma pamoja, kwa sauti, bila bosi kutafuta mkosaji.

Na mhudumu aliyeng'atwa asihubiriwe siku hiyo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, aonwe na mtaalamu wa afya, apumzike. Daftari alijaze mwenzake aliyeshuhudia. Kesho yake, swali la kwanza liwe "kabla hajakung'ata, chumbani kulikuwa na nini?", si "ulimfanya nini?"