Je, ni ukaidi uliowaponza Waviking wa Greenland?

Simulizi iliyozoeleka ni fupi. Waviking, watu wenye asili ya Skandinavia, walihamia kisiwa cha Greenland takriban mwaka 985 wakiongozwa na Erik Mwekundu, wakang'ang'ania ng'ombe na desturi za Ulaya, wakakataa kujifunza kwa Wainuiti, wawindaji wa Aktiki, wakatoweka. Habari ya mwisho iliyoandikwa kuwahusu ni ya harusi katika kanisa la Hvalsey, mwaka 1408.

Naona hukumu hiyo inawaonea. Mifupa yao imepimwa: mwanzoni chakula cha baharini kilikuwa kama asilimia 20 ya mlo wao, lakini miaka ya mwisho kwa baadhi yao kilifikia asilimia 80. Kila baridi ilipoanza kulegea waliwinda sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, wale wanaohama kwa makundi. Hao si watu waliogoma kubadilika.

Hata hivyo, wanaowalaumu wana hoja moja nzito. Sili wa makundi huja na kuondoka. Wapo wengine wadogo wanaobaki chini ya barafu majira yote ya baridi, na mifupa ya hao ni adimu kwenye majalala ya Waviking. Wainuiti, ambao wahenga wao walitoka Alaska na kufika Greenland karne ya 13, waliwamudu. Mbwa hunusa tundu la kupumulia lililofunikwa na theluji. Mwindaji huchomeka kijiti chembamba tunduni, kisha husimama kimya, pengine kwa saa nyingi. Kijiti kikitikisika, hushusha chusa. Ncha yake huchomoka kwenye mpini na kukaa kingamo ndani ya mwili wa sili, asiweze kujinasua. Nyama ililiwa, mafuta yaliwasha taa ya jiwe iliyopikia, iliyokausha nguo na kupasha nyumba joto.

Kwa nini Waviking hawakuiga? Nadhani jibu liko kwenye kiangazi chao, si kwenye kiburi. Miezi hiyo michache ndiyo ya kukata nyasi za kulisha mifugo zizini hadi baridi iishe, na ndiyo hiyohiyo wanaume walisafiri kaskazini kutafuta pembe za walarasi, wanyama wakubwa wa baharini, walizouza Ulaya na kulipia zaka. Baridi ilipozidi, nyasi zilipungua na bahari ikajaa barafu. Kuacha zizi wakati huo kulimaanisha kuacha shamba, soko na kanisa kwa mpigo, ili kushika uwindaji ambao mtoto wa Kiinuiti alianza kuusomea akiwa mdogo, kando ya baba yake. Familia yenye njaa isingeujifunza ndani ya majira mamoja ya baridi.