Nilivyogongwa na Kisomaji Ambacho Sijakinunua

Mimi ni mtu wa kupima. Nilipoamua kununua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nilikaa wiki tatu na swali moja tu: nichukue kidogo cha inchi 6 au kikubwa cha inchi 10.3?

Kidogo kina gramu 170 hivi. Unakishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabaki huru kujikuna. Riwaya za EPUB, yaani faili zilizotengenezwa kwa ajili ya visomaji, hazina taabu humo, maana maneno yanajipanga upya kufuata kioo. Tatizo ni kwamba mimi nina PDF, na nina PDF nyingi kuliko jamaa. PDF haijipangi. Ukurasa wa A4 wenye upana wa sentimita 21 ukiubana kwenye kioo cha sentimita 9, herufi zinakuwa mayai ya chawa. Kikubwa kingenifaa, lakini kina gramu zipatazo 400, na mimi husoma chali kitandani.

Basi nikachukua boksi la viatu na mkasi, nikakata visomaji viwili. Vya majaribio. Nyuma ya kila kimoja nikabandika betri za tochi kwa selotepu, huku nikipima kwenye mizani ya jikoni mpaka gramu zikatimia. Usiku nikapanda kitandani na kile kikubwa, nikakiinua juu ya uso wangu, nikaanza kusoma.

Ndiyo, kusoma. Jaribio lisilo la kweli lina faida gani? Nikawa nasogeza macho kutoka kushoto kwenda kulia, kila baada ya dakika nagusa pembeni kufungua ukurasa.

"Baba watoto," mke wangu akauliza gizani, "unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unasoma boksi?"

"Nimefika sura ya tatu."

Akageukia ukutani. Huo ndio usingizi wa mwanamke aliyeolewa kwa hiari yake na hana wa kumlaumu.

Sura ya nne sikuifikia. Usingizi ulinichukua, mikono ikalegea, na gramu 400 za betri zikashuka moja kwa moja kwenye pua. Niliona nyota ambazo hata wanajimu hawajazipa majina.

Asubuhi kazini pua ilikuwa imetangulia mlangoni, mimi nafuata.

"Umepigwa na nini?"

"Kisomaji cha vitabu."

"Kipya? Hebu tukione!"

"Bado sijakinunua."

Tangu siku ile kuna watu pale ofisini wananisalimia kwa sauti ya upole mno.

Jioni mwanangu akalichukua lile boksi akalipima kwa rula. Urefu wake ulikuwa inchi 10.3 kamili, kama nilivyokusudia. "Baba," akasema, "kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Kioo chenyewe cha inchi 10.3 ni kama nusu ya karatasi ya A4." Kwa maana hiyo nilikuwa nimejitengenezea dubwana kubwa kuliko kile cha dukani, kisha nikaliogopa. Lakini uzito ulikuwa sahihi, na pua ilishapiga kura. Nikaamua: kidogo.

Kabla ya kutoa pesa nikafanya jaribio la mwisho, la mfuko wa nyuma wa suruali. Betri nilizitoa kwanza kwa sababu zilinichoma makalio. Nikakitia kile kiboksi kidogo mfukoni, nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Kikakunjika kwa adabu na kunyooka. Kimefaulu!

Kisomaji chenyewe kilifika kikiwa chepesi, kizuri, herufi nyeusi kama zimechapwa. Nikakiwasha, nikasoma mistari miwili ya maelekezo, nikakitia mfuko wa nyuma ili nikawaonyeshe watu sebuleni. Nikaketi.

Kha!

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama biskuti. Ndipo nikajua kwamba ndani ya vifaa vingi vya namna hii, chini ya wino wa kielektroniki unaochora herufi, kuna kipande cha kioo chembamba sana, na kioo hakina adabu ya boksi. Nilipokitoa, nusu ya chini ilikuwa michirizi mitupu. Nusu ya juu iliganda pale pale nilipokuwa nimeachia.

Uzuri wa wino huu ni kwamba unakula umeme pale tu ukurasa unapobadilika. Picha ikishakaa imekaa, hata betri ikiisha kabisa. Ndiyo sababu mpaka leo, miezi mingi tangu nikichaji mara ya mwisho, kiko rafuni kwangu na ule mstari wa kwanza wa maelekezo unasomeka vizuri, hata bila miwani:

"Hongera kwa uchaguzi wako."