Mvinyo Unaodharauliwa kwa Rangi Yake

"Huu umetiwa maji?" Ndivyo alivyoniuliza rafiki yangu siku nilipommiminia pinot noir, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo hilo, kwa mara ya kwanza. Aliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, akaona hadi mistari ya karatasi, akaguna. Kwake mvinyo mwekundu sharti uwe mzito kama wino. Sikumcheka, maana hata mimi nilianzia hapo hapo.

Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda ya zabibu, na ganda la pinot noir ni jembamba. Maganda hayo hayo ndiyo pia chanzo kikubwa cha tanini ya mvinyo, ile inayokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa ikiwa na majani yake. Basi rangi ikipungua, na ukakasi nao kwa kawaida hupungua. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zabibu hii imeigeuza methali: nje hafifu, utamu uko ndani.

Mkulima ndiye anayelipia wembamba huo. Vishada vimebanana, mvua ikizidi vinaoza. Mzabibu huchipua mapema, baridi kali ikaunguza machipukizi. Joto likizidi, harufu inageuka jamu. Ndiyo maana umestawi kwenye ubaridi: Burgundy nchini Ufaransa, Oregon nchini Marekani, Central Otago nchini New Zealand. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya gamay, aina nyingine ya zabibu nyekundu, ing'olewe ili pinot ibaki. Gamay ilizaa kwa wingi kuliko pinot, kwa hiyo naamini wakulima walinung'unika.

Kinachoharibu pinot noir kuliko yote, kwa maoni yangu, ni joto. Niliwahi kuletewa mezani ikiwa vuguvugu. Nilipoomba barafu ya kupoza chupa nikaelezwa, kwa upole wa kumfundisha mtoto, kwamba mvinyo mwekundu haupozwi. Nilikunywa pombe tupu iliyonichoma pua. Huu unataka nyuzi 13 hadi 15 hivi. Nusu saa kwenye friji inatosha. Tafuta glasi yenye tumbo pana, umimine hadi theluthi tu, kisha usiinywe.

Ndiyo, usiinywe kwanza. Nusa. Mara nyingi mwanzoni hupati kitu, labda cheri kwa mbali. Zungusha glasi, iweke chini, endelea na mazungumzo. Baada ya dakika 20 rudi: rasiberi imejitokeza, na kwenye chupa iliyokaa miaka kadhaa utakuta uyoga na majani makavu yaliyolowa mvua. Wanaotaja harufu kumi na tano kwa pumzi moja siwaamini. Nikipata tatu nimeshiba.

Ukifika mdomoni uache upite kwenye ulimi wote. Mate yatajaa pembeni mwa mashavu. Huo ndio uchachu unaoubeba mvinyo huu badala ya tanini. Ukiuona mtamu kama sharubati bila uchachu wowote, hata kama chupa ni ya jina kubwa, mimi simalizi.

Rafiki yangu alimaliza yake bila kusema neno. Dakika kumi baadaye nilimkuta ameishika glasi tupu, pua imo ndani.